Mawindo ya Kwanza

Upinde ninao. Ninachokosa ni pori.
Niliununua Katuba, kwa mjane wa mwindaji,
mti mkavu, upote wa ngozi ya pongo,
nikajifunzia uani, nyuma ya banda langu la redio mbovu,
kwa gunia lililoshindiliwa vitambaa.
Majirani wakanong'ona: fundi kaingiwa na nini?
Jogoo wa Mama Safi akahama ua.

Bega likajua kuvuta. Kidole kikaota sugu.
Lakini gunia halina miguu.

Jumapili ya kwanza, njia ya Kipushi,
baiskeli ikilia mnyororo.
Kabla ya kichuguu cha kwanza, seng'enge.
Mlinzi akatoka na chai kwenye kopo:
"Chini kuna shaba, juu kuna mbwa.
Hata panya wa humu ana namba."
Na funo? nikauliza.
"Funo alihama siku walipoleta baruti.
Nami ningehama, ila nina watoto sita."

Ya pili, njia ya Kasenga, shamba la ng'ombe.
Msimamizi akataka barua.
Barua ya nani? Ya bwana.
Bwana yuko wapi? Safarini.
Safari ya wapi?
Akawatazama ng'ombe, kana kwamba wangemjibia.

Ya tatu nikapiga magoti kwa shefu,
na chumvi, na kitambaa, na jogoo
(si yule wa Mama Safi).
Alipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka,
kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya mto:
"Kule kulikuwa kwangu."
Akakigeuza kuelekea kilima: "Na kule."
Kidole kilizunguka, kikarudi, kikalala juu ya goti lake.
Sikuwa na moyo wa kuuliza zaidi.

Ya nne nilipata pori lisilo na mwenyewe.
Niliingia bila hodi.
Visiki, visiki, tanuri ikivuja moshi ubavuni,
na mtu mwenye masizi hadi kwenye kope
akaliona podo langu, akacheka mpaka akakohoa:
"Kaka, hapa hata kivuli tumekichoma,
tumekiuza kwa gunia."
Jioni ile nikachemsha chai nyumbani.
Kwa makaa. Ya nani, sikujiuliza.

Ya tano sikutoka.
Siku ya tatu yake akaja Mama Kasonde wa Kafubu,
redio yake imefungwa kwa kitenge kama mtoto mgonjwa.
Akauona upinde ukutani.
"Huo ni pambo, au unauma?
Nguruwe mwitu wananimalizia mihogo.
Nilikuwa nawapigia sufuria usiku.
Sasa wamezoea, wanakula kwa ngoma."

Nikamwambia: mama, mimi mwanafunzi.
"Na wao je, walisomea wapi?"

Masharti aliyatoa kabla sijakaza parafujo ya mwisho:
usiwashe moto.
Usitege waya, waya haujui
mguu wa nguruwe na mguu wa mjukuu wangu.
Na ukijeruhi, fuata, hata mpaka asubuhi.
Usiniachie maumivu yakitembea shambani.

Redio sikumtoza.

Jumamosi, jua likizama, nilikaa nyuma ya kichuguu.
Nikamwaga majivu kidogo: upepo ulinijia usoni, vyema.
Siafu wakanipata kabla ya nguruwe.
Kisha majani yakatikisika, likatokea jike pana,
na nyuma yake wengine, sikuhesabu,
moyo ulikuwa unahesabu mambo yake.
Nikavuta. Mkono uliolijua gunia
haukumjua mwenye pumzi.
Nikaachia.

Mkoromo mmoja, kishindo, kimya.

Mama Kasonde akaja na tochi.
Tulitafuta damu, jani kwa jani, hapakuwa na damu,
nami nikashukuru kimoyomoyo, ndiyo, nikashukuru.
Mshale ulikuwa umezama kwenye tuta,
katikati ya muhogo mnene kama paja.
Akaung'oa pamoja na shina lake, akaupima kwa jicho.
"Umelenga vizuri. Huyu hakukimbia."

Tuliuchemsha kwa chumvi.
Nikala mawindo yangu ya kwanza yakiwa ya moto,
na ncha ya mshale ilikuwa imeacha tundu dogo
ambalo mjukuu alichungulia, akaniona upande wa pili.

"Jumamosi rudi," mama akasema.
"Na uje na betri."